Kisanduku Kilichojua Kukataa

Mtu akiniambia kompyuta haidanganyi, napandwa na hasira. Nimekaa na vyombo hivi zaidi ya miaka ishirini, hapa hapa kwenye kibanda changu cha Gongoni, na nimeviona vikidanganya mchana kweupe bila haya. Kompyuta husema ilichoambiwa. Waya ukiiambia uongo, itauandika uongo huo kwa herufi nzuri, itauchapa kwenye karatasi nyeupe, na watu wataugongea muhuri. Waya ndio wa kuchunguzwa. Na mimi kazi yangu ni waya.

Najisifu? Ndiyo, najisifu. Ukiwa na mashine mbili zisizoelewana hapa Tabora, utaambiwa nenda kwa yule mama wa Gongoni. Wateja wapya hufika, wakaniona na miwani puani na kitenge kiunoni, wakauliza, "Mama, fundi tumemkuta?" Nami huwajibu, "Mmemkuta, ila leo ameamka vibaya, semeni haraka." Kuna mzee mmoja wa Nzega alinikabidhi redio yake "nimpelekee fundi", akakaa nje kumsubiri. Nilipomrudishia ikiwa inaimba, akaniomba nimsalimie sana fundi. Nikamwambia salamu zimefika.

Watu wengi hudhani ukichomeka waya, habari hupita ndani yake kama maji kwenye bomba. Haziendi hivyo. Zinakatwa vifurushi vidogo vidogo, na kila kifurushi kinafungwa na ushahidi wake mkiani. Mtumaji huuchukua ujumbe wote kana kwamba ni namba moja kubwa, akaigawanya kwa namba waliyokubaliana na mwenzake, kisha yale mabaki ya kugawanya akayabandika mwishoni. Mpokeaji naye anagawanya vile vile. Mabaki yakilingana, anajibu kwamba amepokea. Yasipolingana, kuna kitu kimeharibika njiani, na kifurushi chote hakina thamani, hata kama herufi tisini na tisa ni nzima na moja tu ndiyo mbovu.

Yanayofuata baada ya hapo ndiyo ninayoyapenda. Katika waya hizi za kawaida, kama huo unaochajia simu yako na kuhamishia picha, mpokeaji aliyeletewa kifurushi kibovu hakemei. Anakaa kimya. Mtumaji anasubiri jibu, halipati, anaelewa, anatuma tena. Akishindwa mara ya tatu, anakwenda kuiambia kompyuta kwamba njia mbaya. Waya za zamani kidogo, kama zinazotumika kwenye mashine za hospitali, zenyewe zina mdomo: mpokeaji anasema wazi, nimekataa, rudia. Yote hayo yanakwisha kabla hujapepesa jicho. Ukiwa umekaa unatazama picha za harusi ya mtu, humo ndani kuna kukataliwa na kurudiwa ambako hutakujua maisha yako yote.

Tulipofundishwa jambo hili chuoni, wenzangu walitoka jasho. Mimi nilicheka, kwa sababu nilikuwa nalijua tangu utotoni kwa bibi yangu wa Usinge.

Babu wa bibi alikuwa mpagazi. Alibeba mizigo kwenye njia ya misafara kutoka hapa kwenda Ujiji, na mara nyingine kushuka hadi pwani. Kwa Wanyamwezi kazi hiyo ilikuwa kazi ya heshima, kijana asiyeisafiri njia hiyo hakuhesabiwa kuwa amekua. Katika ukoo ule ilibaki aibu moja kubwa kupita zote: mzigo kufika tofauti na ulivyofungwa. Bibi hakujua kusoma wala kuandika, lakini alipotutumia mahindi mabichi kwa basi, sisi tukiishi Mtendeni hapa mjini, aliyahesabu kwa kuyapanga saba saba. Yaliyobaki nje ya mafungu ya saba ndiyo aliyoyapigia mafundo kwenye kamba ya kufungia gunia. Yakibaki manne, mafundo manne. Gunia likifika, mama alitumwagia uani nasi tukapanga saba saba. Mabaki yakilingana na mafundo, kamba ilirudi Usinge kwa basi lile lile ikiwa na mafundo yake. Yasipolingana, tuliyafungua, kamba ikarudi nyoofu, na bibi akajua kuna mkono umeingia.

Akatokea utingo mmoja mjanja, akagundua kwamba akichukua mahindi saba kamili hakuna anayesema. Alikula mahindi yetu saba saba msimu karibu wote, hadi mama alipoanza kulalamika kwamba magunia yamelegea. Bibi hakugomba. Alibadilisha tu, akaanza kuhesabu kwa kumi na moja kumi na moja, akamwambia mama peke yake. Wiki ile utingo alichukua saba yake kama kawaida na kamba ikarudi nyoofu. Bibi alimsubiri kituoni asubuhi, akamwamkia kwa upole wote, "Mwangaluka, baba," kisha akamuuliza mbele ya abiria mahindi yake saba yalikuwa matamu? Yule utingo alihama njia. Alisema bibi ni mchawi.

Basi mwalimu wa chuo aliposema kwamba ile namba ya kugawanyia huchaguliwa kwa uangalifu kwa kuwa kuna uharibifu unaoweza kupita bila kuonekana, nilinyoosha mkono nikasema, "Kama utingo." Darasa zima lilicheka. Sijawasamehe mpaka leo, na baadhi yao huniletea simu zao nitengeneze.

Sasa nisimulie lililotokea.

Kituo kimoja cha afya, kilicho kwenye barabara ya kwenda Kaliua, kilinunua mashine ya kupima damu. Maabara iko nyuma ya jengo. Kompyuta inayochapa majibu iko mbele, mapokezi. Katikati kuna waya mrefu uliopita juu ya dari. Nikaitwa mimi niziunganishe. Nilitengeneza kisanduku kidogo, kikubwa kidogo kuliko kiberiti cha jikoni, nikakiweka mwisho wa ule waya mrefu, ubavuni mwa kompyuta. Kazi yake ni kupokea vifurushi kutoka kwenye mashine, kukagua kila kimoja, na kukipitisha kwenye kompyuta kikiwa kizima. Kikiwa kibovu, kinakikataa na kuomba kirudiwe. Kikishindwa mara kadhaa, kinalia, na kwenye skrini yanatokea maandishi mekundu: majibu hayajafika salama. Nilikijaribu siku nzima. Kilikuwa kinakataa barabara. Nilirudi Gongoni kifua mbele.

Haikupita wiki, mganga mfawidhi, yaani daktari mkuu wa kituo, akanipigia simu. Nilidhani kimeharibika. Kumbe kinafanya kazi kupita kiasi. Benchi la wagonjwa pale mapokezi linaitazama skrini. Mara moja au mbili kwa siku waya ukipata mtikisiko, kisanduku kinalia na skrini inakuwa nyekundu, na wagonjwa wote kwenye benchi wanamgeukia yule ambaye zamu yake imefika. Kwetu huku, wekundu kwenye majibu ya hospitali una maana moja tu, ule ugonjwa usiotajwa. Mzee mmoja wa Igunga, aliyekuja kupimwa malaria, alinyanyuka na viatu mkononi akaondoka. Walimkuta stendi anawaaga watu.

Nilicheka sana. Daktari hakucheka. "Mama fundi," aliniambia nilipofika, "kinyamazishe hicho kidude. Watu wangu wanakimbia na magonjwa yao."

Nilichotakiwa kufanya nilikijua. Kugeuza skrini itazame ukuta. Kukata kengele peke yake. Lakini kugeuza skrini kulihitaji kuhamisha meza, na meza ilikuwa na kabati, na kabati lilikuwa na ufunguo uliokuwa na mtu aliyekwenda Urambo msibani. Ndani ya kisanduku kuna kiswichi kidogo kama punje ya mchele. Kikiwa juu, kagua. Kikiwa chini, pitisha. Nilikiweka chini, kikanyamaza. Nilijiambia makosa yenyewe ni mawili kwa siku, na siku zote yanarekebishika. Nilichosahau ni kwamba yalirekebishika kwa sababu kulikuwa na mkaguzi. Daktari alinishukuru, akaniagizia kuku mzima nirudi naye nyumbani. Tulimla na wajukuu.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mshindo wenyewe ulichukua zaidi ya mwaka kufika.

Ilikuwa mwaka huu, mvua zimekwisha kukatika, Jumanne asubuhi. Binti mmoja alisimama mbele ya kibanda changu na daftari limefungwa kwenye kitenge. Nilimkumbuka sura. Ni yule mtaalamu wa maabara wa kile kituo, mtoto wa Ulyankulu, kwao ni wakulima wenye asili ya Burundi. Ndiye wa kwanza katika ukoo wao kuvaa koti jeupe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeleta simu?"

"Nimeleta kazi yangu, mama. Wanataka kuichukua."

Alinieleza akiwa amesimama, kwa sauti ya kuhesabu maneno. Mashine yake ya damu ina kioo kidogo usoni. Kila kipimo anachofanya, anakisoma hapo na kukinakili kwenye daftari kwa mkono wake, mazoea aliyotoka nayo chuoni. Karatasi anayopewa mgonjwa inachapwa mapokezi na kompyuta. Tangu mvua zikatike, daftari na karatasi vilikuwa vinatofautiana mara kwa mara. Daktari alilinganisha, akaona wazi kwamba mmoja kati yao anakosea, na kompyuta haidanganyi. Kwa hiyo binti anabuni namba, au analala kazini. Tena kulikuwa na kosa la pili: mara kadhaa alionekana hayupo, ameondoka bila ruhusa. Kikao kilikuwa Ijumaa. Barua ilikuwa imeshachapwa. Ajieleze au akabidhi funguo.

"Nyumbani wanajua?" nilimuuliza.

"Hawajui. Baba alinitangaza jumuiya nzima siku nilipopata hii kazi, mama. Alichinja mbuzi. Sijui nitaingilia mlango upi."

Ningependa kuandika kwamba nilimkumbatia. Sikumkumbatia. Nilimwambia kazi yangu hairudi. Nilimwambia kisanduku kile nimekitengeneza kwa mikono yangu, labda aangalie usingizi wake. Nilisema hivyo huku nimeendelea kukaza bisibisi kwenye redio ya mtu. Naona aibu hadi sasa nikikumbuka jinsi alivyonitazama.

Hakulia na hakubisha. Alifungua daftari juu ya meza yangu, akaweka pembeni karatasi zilizochapwa, alizozitolea nakala. "Huyu ni mama mjamzito," alisema. "Kope zake kwa ndani zilikuwa nyeupe kama karatasi hii. Mashine ilisema wingi wa damu ni sita nukta tatu. Soma alichopewa."

Karatasi ilisema kumi na sita nukta tatu.

"Yuko wapi huyu mama?" Mikono yangu ilikuwa imeshaacha ile redio.

"Nilimfuata kwao siku ile ile na bodaboda, nikamrudisha, akaongezewa damu. Mzima. Ndiyo siku ya kwanza wanayosema nilitoroka kazini."

Nilivuta kiti. Nilianza kupitia namba zake, moja baada ya nyingine, karatasi na daftari. Nane nukta mbili imekuwa nane nukta tatu. Kumi nukta nne imekuwa kumi na moja nukta nne. Nilifika ya saba au ya nane, nikarudi mwanzo. Tarakimu zilizobadilika zote zilikuwa shufwa, na kila moja imepanda hatua moja tu. Sifuri imekuwa moja, mbili imekuwa tatu, nne imekuwa tano. Witiri haikuguswa hata moja. Mashine ile hutuma namba ikiwa na sifuri mbele, sifuri sita nukta tatu, na ile sifuri ndiyo iliyogeuka moja ikampa mama wa watu damu kumi asizokuwa nazo.

Mtu mvivu hakosei hivyo. Anayesinzia hukosea ovyo, huruka mstari, hupindua namba. Hakai akachagua shufwa peke yake. Lakini waya hukosea hivyo. Katika lugha ya waya kila tarakimu ni msururu wa ndiyo na hapana, na tofauti ya shufwa na witiri inayoifuata ni alama ya mwisho tu. Mtikisiko mdogo wa umeme unaogeuza hapana ya mwisho kuwa ndiyo unatosha kugeuza sita kuwa saba. Mitikisiko mingine, ikiwemo ile ya zamani ya mara mbili kwa siku, bila shaka iligonga mahali pengine na kuzaa vikorokoro visivyosomeka, na watu wa mapokezi waliona vikorokoro hivyo wakatupa karatasi, wakaomba ichapwe upya. Zilizopita ni zile zilizofanana na namba za kweli. Uongo uliovaa vizuri ndio unaoruhusiwa kuingia.

Na nilijua ni nani aliyeondoa mlinzi mlangoni. Kutoka kwenye kisanduku kwenda kwenye kompyuta kuna waya wa kisasa, unaokagua kila kifurushi kwa ukali, usiopitisha hata kimoja kibovu. Lakini wenyewe hulinda kile ulichokabidhiwa. Ukikabidhiwa kumi na sita, utahakikisha kumi na sita inafika salama salimini. Nilikuwa nimefungua mlango wa nyuma kisha nikaacha askari mzuri kwenye mlango wa mbele.

Maisha yangu yote nimewacheka mafundi wenzangu. Huyu kaunganisha nyaya kama nyoka wanaopigana, yule kaweka plasta mahali pa risasi ya kuchomelea. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

"Mama, umeona nini?" binti aliniuliza.

"Nimeona kwamba hukukosea hata mara moja."

Hapo ndipo alipokaa chini, kwenye kigoda cha wateja, akafunika uso na kitenge. Nilimwambia Ijumaa nitakuja. Lile lingine, la kiswichi, sikumwambia.

Nilikuwa na siku mbili za kutafuta uongo, na uongo mzuri ulikuwepo, tena nusu yake ni kweli. Nilimpigia simu mlinzi wa kituo nikamuuliza nini kimebadilika tangu mvua. Akaniambia wameleta mashine kubwa ya kutakasa vifaa kwa mvuke, na fundi umeme aliyekuja kuifunga aliona uvivu wa kutoboa dari upya, akapitisha waya wake mnene ndani ya bomba lile lile la waya wangu. Kila mashine ya mvuke inapowaka, waya wangu unatetemeka. Basi, mkosaji amepatikana. Fundi umeme mwenyewe amehamia Shinyanga. Ningesema maneno mawili tu, yote ya kweli, binti akabaki na kazi yake nami nikabaki na jina langu. Alhamisi nzima niliyatamka maneno hayo mawili nikiwa peke yangu kibandani, nayo yalitoka vizuri.

Ijumaa nilifika mapema. Ofisini alikuwepo daktari, karibu rika langu, mtu mwungwana. Alikuwepo katibu wa kituo. Binti alisimama karibu na mlango na koti lake jeupe limepigwa pasi, kola imesimama. Juu ya meza kulikuwa na bahasha na nafasi iliyoachwa kwa ajili ya funguo.

"Karibu, mama fundi," daktari alisema. "Binti anasema wewe ndiye shahidi wake."

"Shahidi yuko mapokezi, daktari. Twende tukamwulize."

Nilifungua kisanduku mbele yao. Nilikipandisha kile kiswichi juu. Nilimwomba binti apime damu yoyote iliyobaki kwenye maabara. Majibu yakaja, skrini ikatulia, daftari na karatasi vikalingana. Kisha nikaomba mashine ya mvuke iwashwe. Binti akapima damu ile ile. Kisanduku kikalia. Skrini nzima nyekundu. Akapima tena, kikakataa tena. Mara ya tatu, kikakataa. Wagonjwa wawili kwenye benchi walianza kutafuta viatu vyao.

"Kumbe kimeharibika," katibu akasema.

"Hakijaharibika. Hivi ndivyo kikiwa kizima. Kimeletewa kitu ambacho hakikiamini, na kimekataa kukipitisha."

Nilikionea fahari kile kisanduku, siwezi kuficha. Kilikaa mwaka mzima kimefungwa mdomo, na siku kilipofunguliwa hakikusahau kazi yake. Niliwaonyesha bomba kwenye dari, waya mbili zimelala pamoja. Niliwafungulia daftari nikawaonyesha shufwa na witiri. Daktari ni mtu msomi, alielewa kabla sijamaliza.

"Kwa hiyo ni yule fundi umeme," alisema.

Katibu akatikisa kichwa kukubali. Mlango ulikuwa wazi kabisa mbele yangu, na ni daktari mwenyewe aliyenifungulia. Nilimtazama binti. Alikuwa ameshika daftari kifuani kwa mikono miwili. Namba zote zile alizoziandika, kila moja aliiandika jinsi ilivyo, hata alipoambiwa kwamba karatasi inasema vingine, hata barua ilipochapwa. Nami nilikuwa nataka kupitisha nusu ya ukweli ikiwa imevaa vizuri.

"Fundi umeme alipitisha waya vibaya," nilisema. "Lakini kisanduku hiki kilikuwa na uwezo wa kukataa tangu siku ya kwanza. Mimi ndiye niliyekizima. Kwa mkono huu."

Kwa mbali mashine ya mvuke ilikuwa inapumua.

"Mimi ndiye niliyekuomba ukinyamazishe," daktari alisema polepole.

"Uliniomba nikinyamazishe, daktari. Hukuniomba nikitoe akili. Hiyo niliongeza mimi."

Sijawahi kusema maneno mazito kama yale, na ukiniuliza katika kazi zangu zote ni ipi ninayojivunia, sitakutajia mashine. Nitakutajia dakika ile. Binti alinigeukia.

"Mama, ulijua tangu Jumanne?"

"Nilijua tangu Jumanne, mwanangu. Nilikosa ujasiri. Nisamehe."

Alirudisha macho kwenye daftari lake, na alikuwa na haki. Leo hii kisanduku kile hakina kengele, skrini inatazama ukuta, waya wangu una bomba lake, na kiswichi nilikikata nikachomelea risasi juu yake ili asitokee mtu wa kukizima tena, nikiwemo mimi. Binti hupita kibandani akija mjini, huniletea asali, nami humkaripia kwamba amekonda. Lakini siku ile hayo yalikuwa bado.

Siku ile daktari alikaa chini kwenye benchi la wagonjwa. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Wangapi?" aliuliza. "Wangapi wametoka hapa na karatasi za uongo? Tutawapata wapi sasa?"

Binti alifungua daftari. Pembeni ya kila namba iliyotofautiana kulikuwa na alama ndogo ya kalamu ya bluu, na pembeni ya kila alama, tarehe nyingine.

"Wote nimewafuata, daktari," alisema. "Nikitoka zamu, na mara nyingine kabla ya kutoka. Ndizo zile siku mlizokuwa hamnioni. Wa mwisho alikuwa Kaliua, nimemwona Jumatano. Kilichobaki ni karatasi zao tu."

Katibu alitazama sakafu. Daktari aliinuka, akaenda ofisini, akarudi bila bahasha. Alikuwa na kalamu na bunda la fomu tupu. Akampisha binti kwenye kiti cha mapokezi, yeye akabaki amesimama kwenye kaunta, upande wa wagonjwa.

"Nisomee," alisema. "Mimi niandike."

Binti akasoma ya kwanza. Daktari akaandika kwa haraka, kama madaktari wanavyoandika. Binti akainua shingo akaitazama fomu.

"Hapana, daktari. Hiyo siyo. Rudia."

Daktari akafuta, akaandika upya, kisha akaigeuza fomu ili binti aikague.